Kadi mbili za picha hazikupi kebo mbili

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi na kwenye maduka ya kompyuta: umenunua kioo cha 4K, picha inasuasua, basi ongeza kadi ya pili ya picha. Ukisikia hivyo, shika pochi yako kwanza. Mara nyingi ushauri huo unakula hela bila kugusa tatizo lenyewe. Na wanaoutoa tusiwalaumu peke yao, maana majina yaliyochapwa kwenye maboksi ya vioo, kadi na kebo yametungwa kwa namna ambayo hata mtu makini anapotea. Leo tunawakosoa waliotunga majina hayo, pamoja na waliopanga matundu nyuma ya kompyuta yako bila kukuambia lipi linaenda wapi. Ila kabla ya kukosoa, tuhesabu kidogo. Usiogope, ni kuzidisha tu.

Hesabu ya bomba

Kioo cha 4K kina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Zidisha, unapata 8,294,400. Kila pikseli inabeba rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na kila rangi inachukua biti 8. Jumla biti 24. Kisha picha nzima inatakiwa kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde ili kishale cha mausi kiteleze vizuri machoni. Zidisha vyote pamoja: karibu gigabiti 11.9 kila sekunde. Hapo bado hatujaweka mapumziko madogo yanayotenganisha mstari na mstari, picha na picha.

Sasa ichukulie kebo kama bomba la maji. HDMI 1.4 inatangazwa kuwa na gigabiti 10.2 kwa sekunde, lakini katika kila biti 10 zinazopita, 8 tu ndizo za picha. Mbili zilizobaki zipo ili mawimbi yasomeke vizuri upande wa pili. Kwa hiyo kinachofika ni gigabiti 8.16. Haitoshi! Ndiyo maana kompyuta inashuka hadi picha 30 kwa sekunde na kishale kinaanza kurukaruka. HDMI 2.0 inatangaza 18 na kufikisha 14.4, inatosha. DisplayPort 1.2 inatangaza 21.6 na kufikisha 17.28, nayo inatosha.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Hakuna mahali tumetaja nguvu ya kadi wala idadi ya kadi. Kama bomba ni jembamba, hata ukiweka pampu mbili, maji yanayotoka ni yaleyale.

Lakini si kuna vioo vya kebo mbili?

Vipo, na hapa ndipo uvumi unapopata mizizi. Mwaka 2001 IBM ilitoa kioo kinachoitwa T221: inchi 22.2, pikseli 3840 kwa 2400. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu, na kilitumika kwenye kazi za kitaalamu zinazohitaji picha kali sana. Tatizo likawa kebo za enzi zile. Kiungo kimoja cha DVI kilipitisha pikseli milioni 165 kwa sekunde, na kioo kile kilikuwa na pikseli zaidi ya milioni 9. Gawanya mwenyewe: hata picha 18 kwa sekunde hufikishi. Suluhisho lao lilikuwa kukigawa kioo vipande na kukilisha kwa viungo hadi vinne, na hata hivyo toleo la kwanza liliishia picha 41 kwa sekunde.

Hadithi ikajirudia. Mwaka 2014 Dell ilitoa kioo cha 5K, pikseli 5120 kwa 2880. Piga hesabu yetu ya juu, utapata gigabiti 21.2, zaidi ya uwezo wa DisplayPort 1.2. Kikaja na kebo mbili. Mwaka 2017 kikaja cha 8K, gigabiti 47.8, wakati DisplayPort 1.4 inafikisha 25.92. Tena kebo mbili.

Angalia vizuri: kinachogawanywa pale ni kioo. Nusu ya kushoto inapita kebo moja, nusu ya kulia kebo nyingine, na kioo kinaijulisha kompyuta kwamba nusu hizi mbili ni mwili mmoja. Kebo zote mbili zinatakiwa zichomekwe kwenye kadi ileile. Ukizigawa kwenye kadi mbili za kawaida, kila kadi ina saa yake. Moja inaanza kuchora picha mpya kabla ya mwenzake, na unapotazama video au kuvuta dirisha katikati ya kioo, unaona ufa: kushoto kumeshasogea, kulia bado. Kadi za kitaalamu zina kifaa cha ziada cha kulinganisha saa, kama Quadro Sync ya NVIDIA, lakini hicho ni kifaa cha studio na kuta kubwa za maonyesho. Usitegemee kukikuta kwenye kompyuta ya chumbani kwako.

Na SLI ya NVIDIA au CrossFire ya AMD? Hizo ziliunganisha kadi mbili zichore kwa zamu, hii picha ya kwanza, ile ya pili. Picha iliyoiva kwenye kadi ya pili ilirudishwa kwa ya kwanza, kisha ikatoka kwa tundu la kadi ya kwanza, kwa kebo ileile. Hata kumbukumbu za kadi hazikujumlishwa, kwa sababu kila kadi ilishika nakala yake. Kuanzia Januari 2021 NVIDIA iliacha kuongeza maandalizi mapya ya SLI kwa michezo. Anayekushauri leo ununue kadi mbili kwa sababu hiyo anakuuzia njia ambayo mwenye nayo ameshaiacha.

Safari ya ndani ambayo hakuna anayekuambia

Tuseme tayari una kadi mbili. Labda moja ni ile iliyomo ndani ya prosesa na nyingine umenunua. Kioo kimechomekwa kwenye ya kwanza, lakini mchezo au programu yako ya 3D inachorwa na ya pili. Picha itafikaje kwenye kioo? Inabidi inakiliwe kutoka kadi hadi kadi kupitia ubao mama.

Hesabu tena. Picha moja ya 4K kwa kawaida inachukua baiti 4 kwa pikseli, yaani karibu megabaiti 33. Mara 60 kwa sekunde, ni karibu gigabaiti 2 kila sekunde. Tundu kamili la PCI Express 3.0 lenye njia 16 linapitisha karibu gigabaiti 15.8, kwa hiyo gharama unaibeba. Lakini kwenye bodi nyingi za bei nafuu, tundu la pili linaonekana refu kama la kwanza huku ndani yake kuna njia 4 tu. Kama njia hizo ni za kizazi cha 2, uwezo wake ni gigabaiti 2 kamili. Yaani barabara yote imejaa kwa kubeba picha tu, kabla kadi haijaletewa kazi nyingine yoyote. Tundu lina urefu wa barabara kuu, ndani ni kichochoro!

Laptopu nazo zina mchezo huo. Tangu teknolojia ya Optimus ya NVIDIA mwaka 2010, laptopu nyingi zenye kadi mbili zinafanya hivi: kadi kubwa inachora, kadi ndogo ya kwenye prosesa inaonyesha. Ni wazo zuri kwa betri. Ubaya ni kwamba tundu la HDMI la pembeni, kwenye laptopu moja limeungwa kwenye kadi kubwa, kwenye nyingine limeungwa kwenye ndogo, na matangazo ya mauzo mara nyingi yanakaa kimya. Unalipia kadi kubwa halafu tundu linakupitisha mlango wa nyuma.

Lawama ziende kwa nani

Sasa tuje kwenye majina. Kebo za HDMI zimewahi kuitwa High Speed, Premium High Speed na Ultra High Speed. Kwa kifupi: kasi, kasi bora, kasi kupindukia. Mteja anayesimama dukani atajuaje kwamba ya kati ni gigabiti 18 na ya mwisho ni 48? Jina halimwambii chochote cha kupimika.

Toleo la 2.1 lilitoka mwaka 2017 na kila mtu akalijua kwa gigabiti zake 48. Mwaka 2021 ikabainika hadharani kwamba, kwa utaratibu wa taasisi inayosimamia leseni za HDMI, toleo la 2.0 limemezwa ndani ya 2.1, na sifa mpya, hata hiyo kasi ya 48, ni za hiari. Maana yake kioo chenye uwezo uleule wa gigabiti 18 kinaweza kuuzwa kwa jina la HDMI 2.1 bila kuvunja sheria. Wao walisema mtengenezaji anatakiwa ataje sifa gani anazo. Sawa, lakini anayesoma maandishi madogo nyuma ya boksi ni nani, hasa kama kifaa ni mtumba na boksi lilishatupwa zamani?

Watetezi wana hoja ya kusikilizwa: si kila kifaa kinahitaji gigabiti 48, na kumlazimisha kila mtengenezaji kuziweka kungepandisha bei. Tunakubali. Ila hoja hiyo inatetea kuwa na uwezo tofauti. Haitetei kuuficha uwezo huo chini ya jina moja. Mchele wa aina tofauti unaweza kukaa duka moja, lakini kila gunia linaandikwa kilo zake.

Na inawezekana kabisa. VESA, wanaosimamia DisplayPort, wana kebo zilizothibitishwa kwa majina ya DP40 na DP80: gigabiti 40, gigabiti 80. HDMI wenyewe, toleo la 2.2 la mwaka 2025, wameleta kebo inayoitwa Ultra96 kwa gigabiti 96. Namba imeingia kwenye jina. Hongera zao, japo imechelewa. Sasa namba hiyo ihamie na kwenye tundu, pale pale kwenye chuma, pamoja na alama ya kadi ambayo tundu limeungwa nayo.

Wewe fanya hivi

Moja: kabla ya kununua kadi, angalia tundu ulilochomeka. Kompyuta za mezani zilizotumika, zile za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10 zilizojaa madukani, kadi ya ndani ya prosesa yenyewe inaishia HDMI 1.4, isipokuwa mtengenezaji wa bodi aliongeza chipu ya kugeuza. Lakini ileile inatoa DisplayPort 1.2. Kama kompyuta yako ina tundu la DisplayPort na kioo pia kinalo, kebo moja inaweza kukutoa kwenye picha 30 hadi 60 bila kadi mpya. Jihadhari na adapta za bei rahisi za kugeuza DisplayPort kuwa HDMI, nyingi haziwezi 4K kwa picha 60.

Mbili: kwa michezo, 3D na kuhariri video, kioo kichomekwe kwenye kadi inayochora. Ukiona umechomeka kwenye ubao mama huku kadi kubwa iko chini yake bila kebo, hamisha leo.

Tatu: kwa wanaofundisha modeli za mashine, geuza kanuni hiyo. Chomeka kioo kwenye kadi ndogo na uiache kubwa ipige hesabu. Dirisha na kivinjari vinakula kumbukumbu ya kadi, na kumbukumbu hiyo ndiyo unayoihitaji kwa modeli. Matokeo ya hesabu hayapiti kwenye kioo mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo ile gharama ya kunakili haikuhusu.

Nne: ukiwa na kioo cha kebo mbili, zote ziende kadi moja, kwenye matundu ya aina moja.

Na dukani, usiulize "hii ni HDMI ngapi?" Uliza: "Kioo hiki kwa pikseli zake zote kinatoa picha ngapi kwa sekunde, kupitia tundu hili hapa?" Kisha mwambie achomeke, akiwashe na kufungua mipangilio uone namba kwa macho yako. Ikisoma 30, hela ibaki mfukoni mpaka mjue tatizo ni tundu, kebo au kioo chenyewe.