Pazia Zito, Ukuta wa Zamani

Fimbo ya pazia ikianguka, wa kwanza kulaumiwa ni skrubu: ilikuwa fupi, nyembamba, ya bei rahisi. Katika nyumba nyingi za zamani za Mwanza skrubu huonewa bure. Hung'oka ikiwa nzima, imevaa plagi yake ya plastiki, na nyuma yake humwagika vumbi. Kilichoshindwa ni ukuta, au tuseme fundi aliyedhani lipu ndiyo ukuta. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kule Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ilitoka mbali na haikumwagwa ovyo. Nyumba ya miaka hiyo yaweza kuwa ya mawe ya vilima vya hapa hapa, au ya matofali ya udongo, yaliyoungwa kwa udongo au chokaa, kisha baadaye sana ikapigwa lipu ya saruji. Ukiigonga ni ngumu. Sentimita mbili ndani hakuna cha kushika.

Plagi ya nailoni, aliyoibuni Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, hushika kwa kutanuka na kukaza pande za tundu. Ikikazia saruji au tofali lililoiva, hainasuki. Ikikazia udongo, udongo husogea tu. Na uzito wenyewe si tatizo kubwa kama mvuto wa kung'oa. Chukua kishikio kinachobeba kilo 6, fimbo ikiwa sentimita 12 kutoka ukutani, na skrubu ya juu ikiwa sentimita 4 juu ya ukingo wa chini wa kishikio: skrubu hiyo inavutwa nje kwa nguvu ya kilo 18. Ongeza mkono wa mtoto anayejifunika kwa pazia, na upepo wa ziwa unaolijaza na kuliachia mchana kutwa.

Dawa, basi, ni kurefusha kimo cha kishikio kwa ubao. Ubao wa mninga, au wa paina uliopakwa dawa ya mchwa, wenye kimo cha sentimita 15 na upana unaopita dirisha pande zote mbili, hufungwa ukutani kwanza. Vishikio hufungwa kwenye ubao. Skrubu za juu zikiwa sentimita 12 kutoka ukingo wa chini, zile kilo 18 hushuka hadi 6, tena hugawanywa kwa skrubu kadhaa, na fundi ana uhuru wa kuchagua mahali pa kutoboa. Hapo vumbi la drili ndilo ramani yake. La kijivu lisilokwisha ni saruji, pengine ameipata lenta. Jekundu ni tofali la kuchoma. La kahawia laini ni udongo, na tundu hilo aliache. Atoboe bila mtikiso wa nyundo, maana mtikiso hupasua tofali la zamani na kutenga lipu na ukuta.

Wapo wanaosema skrubu ndefu ingetosha. Ndefu ndani ya udongo hufika kwenye udongo mwingine. Wengine hutaja gundi ya kemikali, nayo ni nzuri kwenye jiwe au tofali zima, mradi tundu lisafishwe. Kwenye vumbi hushikana na vumbi. Hoja ya kuwa ubao unaharibu sura ina uzito zaidi, ila ukipakwa rangi ya ukuta na pazia likaning'inia mbele yake, mgeni hauoni. Pagumu kweli ni nyumba ambayo ukuta wote juu ya dirisha ni udongo na lenta yenyewe ni mti ulioliwa. Huko hata ubao hauna pa kushika, na fimbo ifungwe kwenye mbao za paa kwa vyuma vinavyoteremka kutoka darini. Si kwenye mbao nyembamba za dari, ambazo hubeba dari tu.