Mvinyo Mweupe wa Burgundy: Kuuonja na Kuuhifadhi

Ukimiminiwa Meursault, mvinyo mweupe wa Burgundy huko Ufaransa, iliyotoka kwenye friji sasa hivi, usiionje kwanza. Baridi kali huficha harufu, ulimi ukabaki na uchachu mtupu. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha, na glasi iwe na tumbo pana, isijazwe hata nusu.

Itazame mbele ya kitambaa cheupe. Mvinyo mchanga huwa na dhahabu hafifu yenye ukijani kwa mbali, na dhahabu hiyo hukolea kadiri miaka inavyopita. Wa miaka mitano ukiwa umeshaingia kahawia, una kasoro.

Kazi kubwa ni ya pua. Karibu mvinyo wote mweupe wa Burgundy hutokana na zabibu aina moja, Chardonnay, kwa hiyo unachonusa ni shamba na mkono wa mtengenezaji. Chablis, huko kaskazini kwenye chokaa, hunukia limau na jiwe lililolowa. Meursault huja na siagi na njugu zilizokaangwa. Jirani yake Puligny-Montrachet hujikaza zaidi. Vanila ya pipa ikitangulia yote hayo, mimi huhesabu kwamba nimeuziwa mbao. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi isikutishe, kwani wapo wanaoitafuta makusudi, na mara nyingi hutulia glasini. Ya boksi lililoloa haitulii: kizibo kimeuharibu mvinyo, irudishe chupa.

Mdomoni, uzungushe taratibu kisha umeze. Mvinyo mnono usio na uchachu hupendeza leo na kuchosha kesho, maana uchachu ndio unaoubeba miaka. Sikilizia kinachobaki baada ya kumeza: mvinyo bora hukaa muda mrefu, tena ladha yake hugeukageuka, limau ikifuatwa na njugu, njugu na chumvi kidogo.

Chupa zilazwe gizani, kwenye nyuzi 12 hivi, pasipo mtikisiko. Hata hivyo, kuhifadhi vizuri si dhamana: wenye chupa za katikati ya miaka ya 1990, hasa mavuno ya 1996, walitaraji starehe ya miongo, wakafungua na kukuta harufu ya tofaa lililokatwa likaachwa mezani. Hewa ilikuwa imeingia mapema. Wengine hulaumu vizibo, wengine salfa iliyopunguzwa, wengine ukamuaji laini mno, na ubishi haujaisha. La kuudhi zaidi, chupa mbili za kasha moja zilitofautiana kabisa.

Ndiyo maana nashauri ununue sita badala ya moja. Wa daraja la kijiji uanze kuufungua baada ya miaka mitatu, premier cru, daraja la juu yake, baada ya mitano, na grand cru, daraja la juu kabisa, kama Corton-Charlemagne uupe minane au kumi. Ya kwanza ikiwa bado imejifunga, subiri mwaka mmoja au miwili ndipo ufungue nyingine. Na ukikuta kizibo cha Diam, kile cha chembechembe za koki zilizogandamizwa, usikidharau. Hata Domaine Leflaive, mtengenezaji mashuhuri wa Puligny, inakitumia.