Kutoka Job Seda hadi Ayub Ogada: Asili ya Nafsi ya Jukwaani

Msanii apandapo jukwaani huwa na nafsi mbili: ya mzaliwa na ya jina. Wahakiki wengi wa muziki wa Afrika huitazama ile ya pili tu, kisha wakaidhania kuwa ndiyo ya kwanza. Mfano ulio wazi ni wa Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyefariki Nyahera, Kisumu, tarehe 1 Februari 2019. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sura yake ya mjumbe wa kale kutoka ufuoni mwa Ziwa ilikuwa kazi ya utunzi, na kwamba kuichukulia kuwa ni maumbile ni kumnyima mtunzi haki yake.

Tuanze na jina. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Kwa jina hilo alionekana katika filamu ya Out of Africa mwaka 1985. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza, akawa akipiga nyatiti katika vituo vya reli ya chini ya ardhi mjini London. Na sahani yake, En Mana Kuoyo, ilipotolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Ayub Ogada. Msikilizaji wa London aliliona jina hilo kuwa geni na la mbali. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hashangai, kwani Job wa Waingereza ndiye Ayubu wake. Jina la kwanza, basi, halikuachwa bali lilitafsiriwa.

Kazi hii ya kujipa jina haikuanzia London. Katika ngoma ya nyatiti ya Wajaluo mna desturi iitwayo pakruok: msikilizaji humsimamisha mpigaji, hutoa fedha, kisha hujitaja kwa majina ya sifa na mafumbo, yeye na rafiki zake. Kwa muda huo huwa si mtu wa kila siku tena. Pwani nako mshairi hupewa lakabu: Ahmad Nassir Juma Bhalo alijulikana kuwa Malenga wa Mvita, na diwani yake ya mwaka 1971 ikabeba jina hilo. Hakuna aliyedai kwamba lakabu hiyo ni udanganyifu. Hadhira hujua kwamba ni vazi, na hulipenda kwa kuwa ni vazi.

Tofauti ni kwamba hadhira ya Ulaya haikulijua vazi. Iliona ala ya nyuzi nane, pete ya chuma katika kidole cha mguu ikigonga ubao, na ikasikia lugha isiyoielewa. Ikahitimisha kwamba inasikiliza sauti ya kale isiyo na mwandishi. Wimbo wa Kothbiro unatosha kupinga hitimisho hilo. Maana ya jina lake katika Kijaluo ni 'mvua inakuja', na ujumbe wake ni wa nyumbani kabisa: ng'ombe warudishwe kabla ya mvua. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 iliutumia palipohitajika huzuni ya msiba. Kwa asiyejua lugha, mvua iligeuka maombolezo.

La kutazamwa zaidi ni asili ya wimbo huo. Kabla ya kuwa wimbo wa nyatiti, ulirekodiwa mwaka 1976 na Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi waliopiga roki na fanki kwa gitaa za umeme. Kanye West alipouchukua katika Yikes mwaka 2018, watunzi wa Kothbiro waliotajwa walikuwa James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Basi wimbo uliopokewa kama urithi wa mababu ulitoka mjini, ukiwa na watunzi wenye majina. Nyatiti haikuuzaa; uliivikwa baadaye, kama mtunzi alivyolivaa jina.

Huenda mtu akauliza: je, si basi hadaa? Jibu ni hapana. Ogada alichagua ala ya wazee wake na lugha ya wazee wake, akaipa maisha mapya palipokuwa na gitaa. Kosa ni la hadithi iliyojengwa juu yake. Tungo ikiitwa ya kale, huhesabiwa kuwa ya wote. Na iliyo ya wote huchukuliwa bila ya kuulizwa mwenyewe. Achieng husahaulika, Nairobi husahaulika, na Mwafrika husifiwa kwa kukumbuka tu, hasifiwi kwa kubuni.

Wajibu wa wanafunzi wa fasihi simulizi ni kuzirudisha tungo za namna hii katika lugha zao: kuyaandika maneno yake kwa Kijaluo, kuyafasiri kwa Kiswahili, na kuwataja watunzi pamoja na mwaka na mahali. Nafsi ya jukwaani ihakikiwe kama shairi linavyohakikiwa, kwa kuuliza nani aliitunga, kwa nyenzo zipi, na kwa ajili ya hadhira gani.