Mume wa mke mmoja: namna tunavyosoma maneno ya Mtakatifu Paulo juu ya wazee

Kila mara wakristu wa shirika fulani huku Makomeno wanapopashwa kuchagua wazee wao, mtu anafungua Barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 3, anasoma neno juu ya mume wa mke mmoja, kisha anafunga kitabu. Fulani ana mke mmoja, alifunga ndoa mbele ya padri: basi, awe mzee. Hatutaki kuwahukumu waliochaguliwa. Tunahukumu usomaji huu, maana unakata maneno ya Mtume vipande vipande.

Kwanza, maneno haya yanawahusu nani? Katika Barua kwa Tito, sura ya 1, Paulo anasema juu ya presbyteros, ndiye mzee, na mistari miwili mbele anamwita episkopos, ndiye mwangalizi, naye anasema juu ya kazi ile ile. Kwa neno la kwanza Wafaransa walipata jina la padri. Kwa la pili tulipata sisi jina la askofu. Ndugu waseminari wasidhani basi kwamba Paulo anasema na wenye ndoa tu. Kuhusu mke, Eklezya ya Kilatini imewaandalia njia nyingine. Lakini ulevi, ugomvi na kupenda feza vinawahusu bila kupunguza neno. Kwa wazee wasio mapadri tunatumia maneno haya kwa mfano tu. Tena neno letu "mzee" linatuvuta vibaya: tunaona mvi, ao gari. Timoteo mwenyewe alikuwa kijana, na Paulo alimwonya asikubali kuzarauliwa kwa ajili ya ujana wake.

Tuangalie sasa sifa zenyewe. Hakuna miujiza, hakuna diploma. Asiwe mlevi, asipige watu, akaribishe wageni, aweze kufundisha, atunze nyumba yake. Ni mambo ambayo jirani anayaona kila siku juu ya ukuta. Siku zile wakristu walikusanyika nyumbani mwa watu. Kukaribisha wageni hakukuwa adabu tu, Eklezya yenyewe iliketi mezani pake. Na sisi, tangu maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 njia ya jumuiya ndogo za wakristu, tumerudi kukaa katika viwanja vya nyumba.

Lakini mstari wa 7 hatuusomi kabisa. Pale Paulo anataka mtu asemwe vema hata na watu wa nje. Mjini watu wametoka pande nyingi, hatujui baba ya huyu wala kijiji cha yule. Nani amekwisha kumwuliza mama wa soko aliyemkopesha unga, ao mwenye nyumba anayengoja kodi, hata kama anasali kwingine? Sisi hatujamwona anayefanya hivyo.

Mahali pa ushuhuda huo tumeweka mfuko. Tunajua sababu: kanisa linataka bati, na anayeweza kuongeza feza yake wakati sadaka imepunguka ni mtu wa faida. Lakini mtu kama huyo, nani atasubutu kumwomba hesabu? Askofu mkuu wetu wa wakati ule, Kabanga, katika barua yake ya Kwaresima ya mwaka 1976, alilaumu kwa nguvu feza inayotawala watu. Barua ile haijazeeka.

Inabaki mke mmoja. Padri Placide Tempels alipoanza Jamaa huko Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953, hakutafuta wanaume wazuri; alitafuta baba na mama pamoja, na bwana hakuendelea katika njia bila bibi yake. Jamaa ilikuwa na makosa, hatuyatetei: mafundisho ya siri yalileta matengano mengi. Lakini katika neno hili walimsoma Paulo vizuri kuliko sisi. Walielewa kwamba si shauri la kuhesabu wake. Ni shauri la namna wawili wanavyoishi. Kardinali Malula naye, mwaka 1975, alipoweka parokia za Kinshasa mikononi mwa bakambi, aliwaita watu wenye ndoa.

Tunaomba basi wakatekista wa Makomeno: mbele ya kupiga kura, sura ya 3 isomwe mpaka mstari wa 7. Kiisha mama wa nyumba aulizwe, peke yake, bwana wake asisimame karibu.