Mtaa Mmoja, Bustani Mbili za Juu ya Paa

Mtaa wa Fenchurch uko katikati ya City, ile maili moja ya mraba ya London iliyojaa mabenki na kampuni za bima. Mtaa huo una bustani mbili zilizopandwa juu ya maghorofa ya ofisi, na kote mtu huingia bila kulipa. Sky Garden, iliyo kileleni mwa jengo namba 20, ilifunguliwa Januari 2015. The Garden at 120, juu ya jengo namba 120, ilifuata mwaka 2019. Kutoka moja hadi nyingine ni dakika chache kwa miguu. Wageni wengi huikimbilia ile ya kwanza kwa sababu iko juu zaidi na jina lake limevuma. Kwa maoni yangu, bustani halisi ni ile ya pili. Ya kwanza ni ukumbi mzuri wenye miti. Waliopanda mimea hawana lawama hapo, maana mambo yalikwisha kuamuliwa kwenye karatasi za kibali cha ujenzi na kwenye michoro ya lifti kabla mche wa kwanza haujapandishwa juu.

Tuanze na kibali. Jengo namba 20, ambalo watu wa London wanaliita Walkie-Talkie kwa jinsi linavyofanana na redio ya mkononi ya polisi, lilichorwa na Rafael Viñoly, msanifu aliyezaliwa Uruguay. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na kimo cha karibu mita 200. Watetezi wa majengo ya kale wakapinga. Walisema mnara huo ungeharibu mandhari ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo na ya Tower of London, na tena ungesimama peke yake karibu na mto Thames, mbali na kundi la minara mingine. Kimo kikapunguzwa hadi mita 160, na bado shauri likafika kwenye uchunguzi wa hadhara mwaka 2007, ambako wenye mradi walishinda. Hoja mojawapo waliyokwenda nayo ni kwamba umma utapewa kilele. Kwa hiyo bustani ilikuwa sehemu ya malipo ya kupata ruhusa ya kujenga juu mahali ambapo mwingine angekataliwa.

Sheria ya mipango miji ya Uingereza ya mwaka 1990, kifungu cha 106, inaruhusu mapatano ya namna hii kati ya mjenzi na mamlaka ya mji. Uzuri wake ni kwamba sharti hushikamana na ardhi, si na mtu. Mwaka 2017 jengo hilo liliuzwa kwa kampuni ya Lee Kum Kee ya Hong Kong, inayojulikana kwa sosi ya chaza, kwa pauni bilioni 1.28. Mwenye mali akabadilika, na milango ikaendelea kufunguliwa bure. Ng'ambo ya mto, mnara wa Shard, wenye mita 310, huwatoza wageni wake kiingilio, kama sisi tunavyolipa kupanda juu ya KICC pale Nairobi. Wenye mnara huo hawakuweka ahadi ya aina hiyo mezani.

Umbo la Walkie-Talkie nalo lina hesabu ndani yake. Kodi ya ofisi hupanda kadiri unavyokwenda juu, basi Viñoly akachora jengo linalotanuka kuelekea angani, ili ghorofa zenye kodi kubwa ziwe pia na nafasi kubwa. Ili kutanuka, ukuta wa kusini ulilazimika kupinda kwa ndani mithili ya karai. Ukuta wa vioo wenye umbo hilo, unapotazama kusini katika nchi ya kaskazini ya dunia, hukusanya miale ya jua na kuitupa mahali pamoja. Mwishoni mwa kiangazi cha 2013, ujenzi ukiwa unaendelea, miale hiyo iliangukia Eastcheap, mtaa wa chini yake, ikayeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililokuwa limeegeshwa. Waandishi wa habari walikwenda na vikaango kukaanga mayai barabarani. Mwaka uliofuata ukuta ulifungwa vibao vya kukinga jua. Kinachoshangaza ni kwamba hoteli ya Vdara ya Las Vegas, kazi ya Viñoly huyo huyo, ilikuwa imeshawaunguza wageni wake kando ya bwawa la kuogelea kwa ukuta uliopinda vivyo hivyo. Mwaka 2015 jarida la Building Design liliupa Walkie-Talkie tuzo yake ya Carbuncle Cup, ambayo ilikuwa ikitolewa kwa jengo baya kuliko yote nchini Uingereza.

Lakini hapa tunazungumzia bustani, na adui wa kwanza wa bustani ya juu ni uzito. Sakafu ya ofisi ya kawaida husanifiwa ibebe mzigo wa kilo 250 hadi 400 kwa kila mita ya mraba: meza, makabati, watu. Udongo wa shambani wenye kina cha nusu mita, ukishiba maji ya mvua, hukaribia tani moja kwa eneo lile lile. Na mti wa kivuli hauridhiki na nusu mita. Ndiyo maana aliyeamua kuweka bustani baada ya jengo kusimama huishia na vyungu na nyasi, ilhali aliyeamua mapema huweza kunenepesha boriti na kupanga miti mizito iwe juu ya vichwa vya nguzo. Udongo wenyewe hubadilishwa pia. Mafundi wa kazi hii hutumia mchanganyiko wa mawe mepesi ya volkano, matofali yaliyopondwa, au chembe za mfinyanzi zilizochomwa zikafura, pamoja na mboji kidogo. Chini yake kuna kitambaa cha kuchuja, tabaka la kupitishia maji, kizuizi cha mizizi, na chini kabisa ngozi ya kuzuia maji yasifike kwenye zege. Ngozi hiyo ikitoboka, kulitafuta tundu ni kufukua bustani nzima. Kwa mwenye jengo, hiyo ndiyo gharama inayomnyima usingizi zaidi kuliko bei ya maua.

Adui wa pili ni upepo. Mwendo wake huongezeka kwa kimo, na nguvu yake huongezeka kuliko mwendo: upepo ukizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne. Hukausha majani kabla mizizi haijapata maji ya kufidia, huvunja matawi, na huwafukuza watu. Kwenye kimo cha karibu mita 160 juu ya Thames, Viñoly alichagua njia moja tu iliyo salama: kufunika kila kitu kwa kuba la vioo. Ofisi ya Gillespies iliyopanga mimea ikajikuta na mazingira ambayo si nje wala si ndani. Joto hufuata hali ya hewa ya nje kwa kiasi kikubwa, hakuna mvua, na mwanga hupitia kwenye vioo. Wakachagua mimea ya nchi za Mediterania na ya Afrika Kusini, iliyozoea kiangazi kirefu: lavenda, agapanthasi, na ua la ndege wa peponi. Wakaongeza makangaga makubwa yenye shina kama la mnazi mfupi. Kuna pia nifofia, lile ua la mkuki lenye ncha nyekundu na njano chini yake. Msomaji aliyewahi kupanda miinuko ya Kilimanjaro au ya Mlima Kenya amekutana na ndugu zake wakiota porini.

Mimea imepangwa kwenye miteremko miwili inayopanda pande zote kutoka ghorofa ya 35 hadi ya 37, ngazi zikipita kati yake. Katikati wameweka baa na migahawa kama masanduku yaliyopandana. Upande wa kusini kuna baraza ya wazi iliyopewa jina la Francis Golding, mshauri wa usanifu na mipango aliyefariki mwaka 2013 baada ya ajali ya baiskeli. Ni pale barazani tu ambapo uso hupata upepo. Kwingine kote sauti hugonga vioo na kurudi, harufu ni ya kahawa kuliko ya udongo, na nyasi ya kuketi hakuna. Mandhari ni ya ajabu, sikatai. Lakini aliyekwenda kutafuta mbuga ya umma iliyoahidiwa kwenye karatasi za kibali atajihisi yuko kwenye ukumbi wa kusubiria ndege.

Hisia hiyo huanza chini, mlangoni. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa juu kwa wakati mmoja huamuliwa na upana wa ngazi za kukimbilia moto na uwezo wa lifti, si na ukubwa wa sakafu. Wenye jengo walitatua hilo kwa tikiti za bure zenye saa maalumu, zinazochukuliwa mapema mtandaoni na kuisha upesi, hasa za machweo. Ukifika unakaguliwa, na begi linapitishwa kwenye mashine. Saa za wageni wa bure zina mwisho wake, ilhali baa na migahawa huendelea hadi usiku. Kila hatua ina sababu yake ya kiusalama, lakini zote kwa pamoja huchuja watu. Mtalii aliyepanga safari mwezi mzima hupita. Msafishaji wa ofisi za jirani mwenye nusu saa ya chakula hapiti.

Miaka minne baada ya Sky Garden kufunguliwa, jengo namba 120 lilijibu karibu kila moja ya kasoro hizo, na lilijibu kwa kujinyima. Eric Parry, msanifu wake, alisimama kwenye ghorofa ya 15. Kwa kimo hicho kuba la vioo halihitajiki: ukingo wa kioo wa kumfika mtu kifuani na mimea mirefu vinatosha kuvunja makali ya upepo siku nyingi za mwaka. Ofisi ya Kijerumani ya Latz + Partner, inayofahamika kwa kugeuza kiwanda cha chuma cha Duisburg kuwa bustani ya umma, ikatandika vitanda vya maua na mfereji wa maji yaliyotulia, kisha ikasimamisha kichanja cha chuma cha kutambaza wisteria. Hapo ndipo ninapoona akili ya fundi. Mmea wa kutambaa hutoa kivuli cha mti bila uzito wa mti. Mizizi hukaa kwenye ukanda mwembamba wa udongo, majani yakitandaa juu ya nafasi kubwa, na kwa kuwa wisteria hupukutisha majani, wakati wa baridi jua la London, ambalo ni haba, hupita hadi kwenye mabenchi. Mwezi Mei hivi vishada vya zambarau huning'inia juu ya vichwa vya watu, na nyuki hufika bila kukaguliwa.

Mlango nao ulifikiriwa upya. Chini ya jengo kuna njia ya waenda kwa miguu inayokatiza kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, dari yake ikiwa skrini kubwa ya taa inayobadilisha picha, na lango la bustani liko humo humo njiani. Hakuna tikiti ya mapema. Unapanga foleni ikiwepo, begi linakaguliwa, unapanda lifti. Jengo hili lilipata kibali bila kupigana na mandhari ya Mtakatifu Paulo, na labda ndiyo sababu bustani yake haikulazimika kuwa kubwa ya kutisha ili kumridhisha mtu.

Kuhusu mandhari, kimo hudanganya. Kutoka Sky Garden unaitazama London kwa chini: Tower Bridge inakuwa kitu cha kuchezea, mto unakuwa utepe, na paa za nyumba zinakuwa ramani. Kutoka ghorofa ya 15 unasimama ndani ya kundi lenyewe. Mnara wa Gherkin, wenye mita 180, unakuinukia karibu kiasi cha kuhesabu vioo vyake vya pembe. Mnara wa Leadenhall, wenye mita 225, umeegemea nyuma kama ulivyochorwa ili usizibe kuba la Mtakatifu Paulo. Na Walkie-Talkie wenyewe unaonekana wote, tumbo na mabega, jambo ambalo aliyemo ndani yake hawezi kulipata.

Tangu hapo Halmashauri ya City imezoea kudai nafasi ya umma katika minara mipya. Mwaka 2023 zilifunguliwa Horizon 22, kwenye ghorofa ya 58 ya jengo namba 22 Bishopsgate, na The Lookout, kwenye ghorofa ya 50 ya jirani yake namba 8. Zote ni bure, zote ni za kuwekewa nafasi mapema, na wala hazijiiti bustani: ni vioo, sakafu na mandhari. Naziona kuwa na ukweli zaidi kuliko kuba la 2015.

Mwenye siku moja London na achukue tikiti ya Sky Garden ya asubuhi siku za kazi, kabla foleni ya baa haijaanza, kisha ashuke atembee mtaa huo huo hadi namba 120 na chakula chake mkononi. Aangalie tu utabiri wa hali ya hewa kwanza: bustani isiyo na paa hufungwa siku upepo unapochafuka, na walinzi hawatamwambia hilo mpaka afike langoni.