Nani Kasema Asili Lazima Ipigiwe Ngoma?

Akija mgeni rasmi, ngoma. Mwenge ukipita, ngoma. Ukizinduliwa mradi wa maji, ngoma kwanza, hotuba baadaye, soda mwisho. Na mshereheshaji hakosi kututangazia kwenye kipaza sauti kwamba hapa "tunadumisha mila na desturi zetu". Watu wanapiga makofi, vijana wa kikundi wanafuta jasho, biashara imekwisha. Mimi nina swali ambalo halimpendezi mshereheshaji: mila za nani? Nani alizichagua? Na zile ambazo hazikuchaguliwa zimekwenda wapi?

Nauliza kutoka Endabash, wilaya ya Karatu, kwa watu ambao Tanzania nzima inawaita Wambulu na sisi wenyewe tunajiita Wairaqw. Huku swali hilo si la kupitishia muda. Lina jibu, na jibu lenyewe linauma.

Tuanze na historia, maana vijana wengi tunadhani utamaduni wa taifa ulishuka toka mbinguni ukiwa umevaa njuga. Haukushuka, ulitangazwa. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja tu baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya, ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hoja yake ilikuwa nzito. Mkoloni alitufundisha kujidharau hadi msomi wetu akawa bingwa wa dansi za Kizungu, lakini ukimwambia acheze gombe sugu au mganda, anakutumbulia macho. Hilo nani atalibisha? Likaundwa kundi la taifa la ngoma, na lilipofikia mwisho wake, mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa.

Sasa hebu uangalie huo mganda. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma ya beni, kilichotoka mwaka 1975. Beni ilianzia pwani, watu wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni: gwaride, sare, vyeo, tarumbeta. Vita Kuu ya Kwanza ikaitawanya bara pamoja na askari na wapagazi. Mganda ni mtoto wa ukoo huo. Kwa hiyo ngoma iliyotajwa Bungeni kama dawa ya kuiga wazungu, yenyewe ilianza kwa kuiga gwaride la wazungu! Na sarakasi? Miaka ya 1960 vijana wetu walipelekwa China kujifunza, wakarudi, na sarakasi ikaingia kwenye maonyesho ya "utamaduni wetu" kama vile babu zetu walikuwa wakipinduka hewani tangu enzi na enzi.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Simkashifu mtu. Mganda ni wetu kweli, kwa sababu watu waliuchukua, wakautia maneno yao, wakaupa kazi yao. Ninachosema ni kwamba "asili" ni uamuzi. Mtu anakaa, anachagua, anaweka hiki ndani na kile nje. Hatupaswi kudanganywa kwamba hakuna aliyechagua.

Wala si ugonjwa wa Kiafrika. Waingereza wenyewe, waliotufanya tujione hatuna utamaduni, walipoanza kuhofu kwamba wamepoteza wa kwao walifanya vilevile. Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge, Somerset, mwalimu wa muziki aitwaye Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani akiimba. Tangu hapo akazunguka na daftari akiandika maelfu ya nyimbo za wazee wa vijijini, na mwaka 1911 akaanzisha chama cha ngoma za jadi za Kiingereza. Alitaka nyimbo hizo ziimbwe shuleni ili mtoto akue Mwingereza kamili. Nia njema hiyo. Lakini nyimbo za mjini, za kumbi za starehe, alizitupa nje: hizo kwake hazikuwa za "watu". Na zile zenye maneno ya chumbani alizilainisha kabla ya kuzichapisha. Baadaye wahakiki, kama Dave Harker mwaka 1985, walimvaa kwa ukali: umetuletea Uingereza uliyoitamani, si iliyokuwepo. Hata hivyo, bila daftari la Sharp, nyimbo nyingi zingezikwa na wenyewe. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayechagua anaokoa na anaua kwa mkono huohuo.

Turudi nyumbani. Kwetu jukwaa la taifa lilichagua kwa kipimo gani? Kipimo ni neno lenyewe: ngoma. Kinachofaa ni kinachopigwa, kinachochezwa, kinachotikisa kiuno, kinachoisha ndani ya dakika tano mgeni rasmi asije akachoka. Sindimba ya Wamakonde ilipanda jukwaani kwa tiketi hiyo, ikapangwa mistari iliyonyooka na kuagizwa kutabasamu. Sawa. Lakini je, watu ambao hazina yao kubwa haipo kiunoni, ipo mdomoni?

Wairaqw tunayo slufay. Mshereheshaji huwa hawezi hata kuitamka, maana sauti yake ya kwanza Kiswahili hakina. Slufay ni dua na ni ushairi kwa pamoja. Watu wamekutana, pengine kwenye kikao, pengine kwenye pombe. Mzee anayejua maneno anatoa kauli fupi, wenzake wanaitikia. Anatoa nyingine inayoisukuma ile ya kwanza mbele kidogo, wanaitikia tena. Anamwomba Looaa mvua, amani, ng'ombe wazae, watoto wakue, ubaya ukae mbali. Hakuna anayeruka. Hakuna njuga. Hakuna watazamaji pia, kwa sababu anayeitikia ni mshiriki. Bila itikio lake hakuna slufay. Ukimwondoa mzee kwenye watu wake ukampandisha peke yake jukwaani mbele ya viti vya plastiki, umemfanya chizi anayejisemea.

Basi ndiyo maana hazikuchaguliwa. Si kwa chuki, ila mlango ulitengenezwa kwa umbo la ngoma, na slufay haina umbo hilo. Matokeo yake tunayaona. Vijana wenzangu wakiunda kikundi cha utamaduni, wanakimbilia kuiga ngoma walizoziona zikifanikiwa kwenye sherehe, hata kama ni za watu wa mbali, kisha wanazichezea watalii waendao kreta ya Ngorongoro. Siwalaumu kwa kutafuta hela. Mtu anayelipwa kwa kucheza angalau hajalipwa kwa kukaa kijiweni, na wengine wamejifunza nidhamu ya sanaa humohumo. Ila tusiite kila kinacholipa "asili".

Wapo waliotuonyesha njia nyingine. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alipita kwenye mfumo huohuo wa taifa na wa Bagamoyo, akafika hadi studio za Real World za Peter Gabriel kule Uingereza. Lakini hakuwa sanamu ya makumbusho. Alitunga mapya kwa zeze na marimba, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na watu walio hai. Aliichukua asili kama lugha ya kusemea, na kila mwenye lugha huongeza sentensi zake.

Na hapa nawageukia ninyi mnaoandika, maana gazeti hili ni letu. Mnakumbuka ule ugomvi wa wanajadi na wanausasa? Amri Abedi alikuwa ametuwekea sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, akaambiwa ushairi usio na vina ni wa kuiga wazungu. Miaka yote hiyo watu wakichapana kwa kalamu, kule kwetu wazee walikuwa wanatoa mashairi yasiyopimwa kwa vina wala mizani, yanayosimama kwa kauli kujibu kauli, na hakuna mzungu aliyewafundisha. Hakuna aliyewauliza! Mjadala mzima wa ushairi wa Kitanzania ulipungukiwa shahidi kwa sababu shahidi alikuwa akizungumza Kiiraqw. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Si hasara ya Wambulu peke yao. Ni ya kila kijana wa Dar au Arusha anayehangaika usiku kutafuta umbo la shairi lake, akidhani machaguo ni mawili tu.

Dawa? Sitaki wizara nyingine wala tamasha lingine. Simu mnayo mfukoni, inarekodi. Nenda kwa bibi, nenda kwa mzee, omba ruhusa, kaa, sikiliza mpaka mwisho, na ujifunze kuitikia kabla hujajifunza kuandika. Ukiandika, andika kwa lugha yake kwanza. Kiiraqw kina herufi zake, hata Agano Jipya limechapishwa kwazo. Weka Kiswahili pembeni yake. Taja jina la aliyekupa kama amekubali. Na usilainishe kama Sharp: kama maneno ni makali, yaache makali.

Kiswahili hakitaporomoka kwa hilo. Kilikula Kiarabu, Kihindi na Kiingereza na bado kina nafasi tumboni. Taifa ambalo utamaduni wake unajulikana kwa jinsi linavyocheza mbele ya wageni bado ni taifa nusu. Nusu ya pili ni jinsi linavyosema wageni wakishaondoka, na hiyo haijaandikwa. Wazee wanaoijua wanapungua kila msimu, na sisi ndio wenye kalamu.