Kufumbua si Kuambiwa: Wapenda Maandishi ya Siri na Sanamu ya Langley

Katika desturi ya vitendawili, mtegaji hatoi jibu lake bure. Wasikilizaji wakikisia wakashindwa, yeye hudai apewe mji. Nao humtajia mmoja baada ya mwingine mpaka aridhike, ndipo asimulie alivyokwenda katika mji huo na mambo aliyoyaona huko, kisha hulitoa jibu. Watu wazima aghalabu huuona mji huo kuwa mchezo wa watoto tu, lakini ndani yake mna sheria nzito. Ajuaye ana haki ya kuitunza siri yake mpaka wasiojua wakiri kwamba wameshindwa. Na jibu litolewalo baada ya kukiri halina daraja moja na jibu lililopatikana kwa akili. La kwanza ni zawadi, la pili ni ushindi. Baraza zima huijua tofauti hiyo, hata yule mtoto mdogo aliyeketi pembeni.

Sheria hii yafaa iwe kipimo cha watu wa namna moja ambao idadi yao imekua tangu mtandao wa kompyuta ulipoenea ulimwenguni, nao ni wapenda maandishi ya siri. Watu hawa wengi wao si majasusi wala askari. Wamo walimu, mafundi, wataalamu wa hesabu, wachukuzi wa ghalani na wazee waliostaafu. Wanaishi nchi mbalimbali, huandikiana usiku baada ya kazi, na huweza kutumia miaka 20 juu ya mistari minne ya herufi zisizotamkika. Hawana mshahara kwa kazi hiyo, na mara nyingi hapana hata tuzo. Asiyewajua husema kwamba wanatafuta siri. Msemo huo una sehemu ndogo tu ya kweli, na hapana mahali ulipojaribiwa vizuri zaidi kuliko katika kisa cha sanamu iitwayo Kryptos.

Sanamu hiyo imesimama Langley, katika jimbo la Virginia, ndani ya ua wa makao makuu ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Aliitengeneza msanii Jim Sanborn, nayo ilizinduliwa mwezi wa Novemba 1990. Jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichofichwa. Ni bamba kubwa la shaba nyekundu lililopindwa mfano wa karatasi inayokunjuka, na kando yake pana gogo la mti uliogeuka jiwe. Herufi zimekatwa zikatoboa bamba kabisa, hata mwanga wa jua hupita ndani yake. Upande mmoja una maandishi ya siri, na upande wa pili una jedwali la herufi ambalo kwa hilo maandishi kama hayo hufungwa na kufunguliwa. Katika kuyafumba maneno yake, Sanborn alifundishwa na Ed Scheidt, mtaalamu aliyestaafu kutoka katika shirika lile lile. Hivyo mbele ya watu ambao kazi yao ni kujua siri za wengine, msanii aliweka siri moja ambayo wao wenyewe hawakuijua.

Maandishi hayo yana sehemu nne. Mbili za kwanza zilifumbwa kwa kubadili herufi moja kwa nyingine kwa kufuata neno la ufunguo. Ya tatu ilifumbwa kwa kuzihamisha herufi mahali pake bila kuzibadili; nao ni ufundi ambao msemaji wa Kiswahili ana ndugu yake katika kinyume, mchezo wa maneno ambao humfanya mtu aseme “mbanyu” akikusudia nyumba. Ya nne ina herufi 97, nayo ndiyo iliyowalaza watu macho.

Historia ya kufumbuliwa kwa sehemu tatu za kwanza yatosha kuonyesha tabia ya wapenzi hao. Mapema katika miaka ya 1990, watumishi wachache wa NSA, shirika jingine la siri la nchi ile ile, walizifumbua wakanyamaza. Mwaka 1998 David Stein, mtumishi wa CIA, alizifumbua tena kwa kalamu na karatasi, akitumia saa 400 hivi za wakati wake mwenyewe. Habari zake nazo zikabaki ndani ya kuta za kazini. Mwaka 1999 Jim Gillogly, mtaalamu wa kompyuta wa California, alizifumbua kwa kompyuta yake akautangazia ulimwengu. Kwa hesabu ya tarehe, Gillogly ni wa tatu. Kwa hesabu ya wapenda maandishi ya siri, jina lake ndilo lililotajwa kwanza miaka mingi, kwa sababu ndiye aliyeleta jibu barazani. Ushindi usioshuhudiwa ulikuwa kwao kama kitendawili kilichojibiwa moyoni: yawezekana ni kweli, lakini mchezo haukusonga mbele.

Mhakiki wa fasihi ana la kusema pia juu ya maneno yenyewe, maana yalipofunguliwa hayakutoa siri yoyote ya dola. Sehemu ya pili yataja kitu ambacho huenda kimefukiwa mahali fulani, na kumtaja mtu mmoja tu, kwa herufi mbili za jina lake, kuwa ndiye ajuaye mahali penyewe. Sanborn alieleza baadaye kwamba mtu huyo ni William Webster, aliyekuwa mkuu wa CIA wakati ule. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sehemu ya tatu imejengwa juu ya masimulizi ya Howard Carter, aliyefungua kaburi la Mfalme Tutankhamun huko Misri mwaka 1922: mikono inatetemeka, tundu dogo linatobolewa katika ukuta, mshumaa unapenyezwa, jicho linachungulia gizani, na mwisho linakuja swali kama kunaonekana chochote. Hapo msanii amemchora msomaji wake mwenyewe. Yule aliyekesha miezi na kompyuta yake, alipopenya herufi za shaba, alimkuta mtu mwingine amesimama mbele ya tundu akiuliza swali lile lile alilokuwa akijiuliza yeye. Maandishi yaliyofumbwa yakawa kioo. Wanaosema kwamba maneno hayo hayakustahili taabu iliyotumika wamesoma herufi bila kusoma kazi.

Kutokana na mambo hayo wapenzi hao wamejiwekea adabu, na adabu yao ya kwanza ni hii: anenaye kwamba amefumbua sharti aonyeshe njia. Haitoshi kuleta sentensi yenye maana. Yapasa mtu mwingine, akichukua herufi zile zile na ufunguo ule ule, afike pale pale bila kusaidiwa. Adabu hii si ukali wa bure. Akili ya mwanadamu hupenda kuona maana, na ikitamani sana huiona hata mahali isipokuwapo. Wenyewe walipata funzo mwaka 2006, Sanborn alipowaambia kwamba aliacha herufi moja katika sehemu ya pili. Kwa kukosekana herufi hiyo, mwisho wa sehemu hiyo ulikuwa umesomwa kwa miaka saba kuwa maneno yahusuyo mistari, na yalionekana kuwa na maana. Kumbe maneno yaliyokusudiwa yalikuwa tabaka la pili. Stadi wote walikuwa wamekubali kosa lenye sura ya jibu.

Kwa upande wa pili walikuwako wasioijali adabu hiyo. Sanborn alipokea majibu mengi mno ya sehemu ya nne hata akatoza dola 50 kwa kulipitia kila moja. Alitoa vidokezo: neno la mji wa Berlin mwaka 2010, neno la saa mwaka 2014, na mwaka 2020 maneno ya kaskazini-mashariki na mashariki. Hivyo herufi 24 kati ya 97 zikajulikana, na fumbo likakaa vile vile. Kisha wakaja watu walioiuliza mashine yenye akili ya kubuni, wakapewa sentensi nzuri, wakamwandikia msanii kwa majivuno kwamba wamemaliza kwa saa chache kazi iliyowashinda wengine maisha yao. Hawa walitaka jibu, na kwa kuwa walitaka jibu tu, hawakujua kwamba hawakulipata. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini methali haikusema kwamba kila aliyesema amegangua ni mwerevu.

Furaha ya wapenda maandishi ya siri haitegemei thamani ya kilichofichwa, na jambo hili lina ubaya wake. Mwezi wa Novemba 1969 muuaji aliyejiita Zodiac, ambaye alikuwa ameua watu wasiopungua watano kaskazini mwa California, alipeleka katika gazeti la San Francisco Chronicle fumbo la alama 340. Fumbo lake la kwanza, la mwaka ule ule, lilikuwa limefunguliwa upesi na mwalimu Donald Harden na mkewe Bettye. Hili la pili lilikaa miaka 51. Mwezi wa Desemba 2020 lilifumbuliwa na watu watatu walioshirikiana kwa mbali: David Oranchak, mtunga programu wa Marekani; Sam Blake, mtaalamu wa hesabu wa Australia; na Jarl Van Eycke wa Ubelgiji, mfanyakazi wa ghala ambaye aliunda programu ya kufumbulia. Walijaribu njia laki sita na zaidi za kuzisoma alama hizo, maana zilipangwa kwa mshazari. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikathibitisha jibu lao. Ndani yake hamkuwa na jina la muuaji. Mlikuwa na majivuno na dhihaka. Hata hivyo shangwe ilikuwa kubwa. Kwa ufundi, shangwe hiyo ilistahili. Lakini fumbo hilo liliandikwa na mkono wenye damu, nao wafiwa walikuwa wakingoja habari ambazo alama hizo hazikuwa nazo. Mpenzi wa mafumbo ambaye hawezi kutenga raha ya kufumbua na msiba wa waliofumbiwa ana upungufu ambao ustadi wote wa hesabu hauwezi kuufidia. Yafaa kusemwa kwamba Oranchak na wenzake waliwakumbuka wafiwa. Si kila mshangiliaji aliyefanya hivyo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2025. Sanborn, aliyekuwa akikaribia miaka 80 na kuona afya yake ikipungua, alitangaza mwezi wa Agosti kwamba jibu la sehemu ya nne litauzwa kwa mnada. Mwezi wa Septemba waandishi wawili, Jarett Kobek na Richard Byrne, walimjulisha kwamba wameliona. Walikuwa wametazama karatasi zake zilizohifadhiwa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na miongoni mwake mlikuwa na vipande vyenye maneno yenyewe, ambavyo msanii alivichanganya na nyaraka nyingine bila kukusudia. Karatasi hizo zikafungwa zisitazamwe mpaka mwaka 2075. Wawili hao hawakuyatangaza maneno kabla ya mnada. Mwezi wa Novemba jibu, pamoja na jedwali la jinsi lilivyofumbwa, likanunuliwa kwa dola 962,500 na mtu asiyetajwa jina.

Je, fumbo lilifumbuliwa? Kwa sheria ya baraza, la. Kobek na Byrne hawakuiba. Waliingia katika nyumba ya kumbukumbu iliyo wazi kwa umma, wakasoma kwa bidii ya mtafiti, na kitendo chao cha kumjulisha mwenyewe ni cha kiungwana. Lakini walipata maneno pasipo njia, na mtu aliyeuona mji kutoka juu ya kilima hawezi kusema kwamba ameingia lango lake. Mnunuzi naye alitoa mji, tena mji wa bei kubwa, ila desturi ikapinduliwa: mji hutolewa kwa niaba ya baraza ili baraza lote lisikie, hapa mmoja ametoa na mmoja amenong’onezwa.

Walakini lawama isimwangukie msanii peke yake. Wapenzi wa sanamu yake walijivunia miaka 35 kwamba hawakukiri kushindwa, na ni kweli kwamba uvumilivu wao ni jambo la kusifiwa. Walisahau kwamba mtegaji naye ni mwanadamu. Barua zao zilimfikia mchana na usiku. Kila mmoja alitaka asomwe, na kila mmoja alitaka jibu lisitolewe mpaka alipate yeye. Shaba haizeeki upesi, lakini aliyeikata alizeeka, akabaki na mzigo ambao hakuwa na wa kumpa. Watoto katika baraza la vitendawili wana hekima ya kuona kwamba usiku umekwenda na bibi anasinzia; ndipo mmoja wao, ingawa jibu liko karibu na ulimi wake, husema kwa sauti ya chini: haya, twaa mji.